Pampu ya Meno ya Chuma

Pampu ile niliichagua mimi. Wanaotaka kumtafuta mchawi wasihangaike kuzunguka kwa majirani, mchawi ndiye mimi hapa.

Kazi yetu, mimi na mdogo wangu, ni kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Tunapita kwenye majiko ya mahoteli, ya vyuo, ya wauza viazi, tunachukua yale mafuta meusi ambayo mpishi hayataki tena, tunayapeleka kiwandani yakageuzwe dizeli. Miaka sita mdogo wangu aliyabeba kwa madumu, dumu mkono huu na dumu mkono huu, kutoka jikoni hadi kwenye pikapu. Watu wanamwita Twiga kwa urefu wake. Mtu mrefu akiinama anainama safari ndefu, na siku moja aliinama asiinuke. Daktari akatuonyesha picha ya mgongo, pingili moja imetoka mahali pake. Akasema, "Akibeba tena kitu kizito, miguu hiyo ataiaga." Alisema hivyo mbele ya wifi yangu, mkewe Twiga, aliyekuwa na mimba changa. Wifi hakulia. Aliniangalia mimi, kwa sababu gari ni langu na kazini nilimwingiza mimi.

Basi nikaapa, Twiga habebi tena. Tutanunua pampu.

Dukani nilikwenda na chupa ya mafuta yangu mabaya kuliko yote, mazito, yenye makombo ya unga ulioungua yamelala chini. Muuzaji, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikunja pua.

"Mama, haya ni mafuta au lami?"

"Ndiyo chakula cha pampu yako," nikamwambia. "Nionyeshe itakayoyala."

Akanitolea tatu. Ya kwanza ya mkono, unaisimamisha juu ya pipa na kuzungusha mpini. Ya pili ya maji, ndogo, nzuri kama pambo, lakini mzee mwenyewe akasema mipira yake ya ndani itavimba kwa mafuta na makombo yataikaba. Ya tatu ndiyo ile. Chuma kitupu, ndani ina magurudumu mawili yenye meno yanayosagana, yanasukuma mafuta hata yakiwa mazito kama uji.

Twiga akaishika ile ya mkono. "Dada, hii inatosha. Nitakaa kwenye kiti nizungushe taratibu."

"Pipa zima? Utazungusha mpaka uzeeke. Na utainama."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Wewe ndiye hutakiwi kuinama, mjinga wewe!"

Mzee akacheka, Twiga naye akacheka, akauachia mpini polepole. Alikuwa ameipenda ile pampu, nilimwona. Nikampuuza.

Nilimuuliza mzee maswali mpaka akavuta stuli akakaa. Inavumilia joto kiasi gani? Lita ngapi kwa dakika? Mpira wa kuvutia uwe na upana gani usije ukajikunja na kuziba? Chujio likae kabla ya pampu au baada yake? Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Fundi wa kuchomelea akaifunga kwa nati nne nyuma ya pikapu, kando ya tangi. Miezi miwili tuliishi kama wafalme. Kazi ya Twiga ikawa kuchomeka waya kwenye umeme wa jikoni, kuchovya mpira kwenye pipa na kubonyeza swichi. Akaanza tena kupiga mluzi. Wifi naye akawa ananipokea kwa kicheko.

Kisha tukapata jiko la chuo. Jiko kubwa, mapipa mawili ya mafuta kila wiki, lakini liko chini ya ardhi, ngazi kumi na nne, na nje kuna ukuta, gari halisogei. Tukaunga mpira kwa mpira. Pampu ikanguruma, ikakohoa, haikuleta hata tone. Nikampigia simu mzee wa duka.

"Mama, pampu inasukuma mbali lakini haivuti mbali," akasema. "Ishushe chini kwenye mafuta, isukume kwenda juu."

Mtu mwenye akili zake angeliacha lile jiko. Mimi nikafungua nati. Nikatafuta wabebaji wawili sokoni, wakawa wanakuja kila Jumatatu kuishusha na kuipandisha. Twiga nikamwekea sheria: ukikigusa hicho chuma nitakuchapa mbele ya watu.

Jumatatu ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri, wabebaji hawakutokea. Mpishi mkuu alikuja kusimama mlangoni na kisu chake cha vitunguu. Wakaguzi wanafika saa sita, akasema, na hataki wayakute mapipa. Tusipoyatoa sisi anawaita wengine, na hao wengine ndio watakaokuja siku zote. Simu za wabebaji hazipatikani. Nilikuwa nimelowa chapachapa, na mimi nikikasirika mdomo wangu hauna kufuli.

"Haya, tukae hapa kama mizigo," nikasema. Sikumwambia mtu, lakini aliyekuwa karibu ni Twiga peke yake. Kisha nikakimbilia sokoni.

Niliporudi na wanaume wawili nikasikia pampu inanguruma kule chini jikoni. Mpira ulikuwa umetuna, mafuta yanapanda vizuri kabisa, hakuna panapovuja. Twiga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mgongo ukutani, uso wote jasho.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, dada," akasema, akajaribu kucheka.

"Simama."

"Ngoja kwanza."

"Twiga, simama!"

Akaiangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nimeiambia," akasema kwa sauti ndogo. "Haisikii."

Mpishi mkuu akaja akazima pampu. Wale wanaume niliowaleta kubeba chuma wakambeba yeye.

Ni wiki ya saba sasa. Daktari hazungumzii tena kutembea, anazungumzia vidonda vya mgongoni na namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili. Jana nilikwenda kwao. Wifi alikuwa uani anafua mashuka, tumbo limeshakuwa kubwa, hawezi kuinama vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitamani anitukane, wallahi, nipate na mimi pa kulilia. Hakunitukana. Alikamua shuka, akalitandaza kambani, akauliza akiwa amenipa mgongo:

"Ile pampu ina kilo ngapi?"

Lita kwa dakika nilizijua. Joto, upana wa mpira, matundu ya chujio, vyote ningemtajia bila kusita.

"Sijui," nikasema.

"Mlikaa siku nzima dukani. Hukuuliza?"

"Niliuliza habari za mafuta, wifi."

Akageuka. Kisha akatazama saa, akajifuta mikono kwenye gauni, akaingia ndani kumgeuza mumewe.