Usinisemeshe Nikikubeba

Ghalani walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kebehi. Gunia ambalo wenzake walilishika wawili wawili, yeye alilitia begani peke yake. Kisha mwaka wake wa mwisho kazini rundo la magunia lilimporomokea, na tangu hapo mkono wake wa kulia ukawa wa kuning'inia tu. Akastaafu, akaota mvi, jina likabaki. Watu wa mtaani walivyo, hata ungelala kitandani hujiwezi wangekuita Winchi.

Mkono ungekuwa shida yake peke yake, asingejali. Angefunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, maisha yaende. Lakini mkewe alipigwa na kiharusi, upande mzima ukapooza. Kilichosalimika ni ulimi, na ulimi wa mama yule haukuwahi kujua likizo. Asubuhi alihitaji mtu wa kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, jioni mtu wa kumrudisha. Majirani walisaidia mwezi wa kwanza. Wa pili wakaanza kuwa na safari.

Binti yao aliishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Vyumba viwili, mume na watoto watatu. "Mama nitampata pa kumlaza," alisema kwenye simu. "Ila wewe, Baba, sijui nikuweke wapi." Hakusema kwa ubaya. Hesabu ya vyumba ndiyo iliyosema. Basi Winchi akajua: ama mkono ule ufanye kazi, ama alale peke yake kwa siku zilizobaki.

Hospitali akakabidhiwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wake. Akampa chupa ya maji ainyanyue. Akainyanyua, ikaishia kiunoni.

"Mzee, akili yako iko wapi unaponyanyua?"

"Si kwenye chupa, mwanangu? Iwe wapi tena?"

"Achana na chupa. Akili ipeleke ndani ya msuli. Ushike kwa mkono wa pili, usikie unavyojikunja. Msuli ukiufikiria, unaitika." Akamwekea vidole pale pale begani. "Penye nia pana njia, mzee."

Wasemao hivyo huwa hawasemi njia yenyewe inakwenda wapi.

Winchi akawa mtu wa kigoda mlangoni, amefumba macho, kiganja cha kushoto juu ya msuli wa kulia, dumu la maji likipanda na kushuka. Majirani wakamuuliza kama anasali au ananyanyua. Mkewe akawajibu kutoka kitandani: "Anautongoza mkono! Mimi mwenyewe sikutongozwa hivyo."

Na mkono ukakubali. Chupa ikafika kifuani, dumu likafika begani, na asubuhi moja akampitisha mkewe mikono chini ya mgongo na magoti, akamnyanyua, akamweka kitini. Wakalia wote wawili, hawakuoneana haya.

Furaha hiyo haikufika mbali. Akili yake ikiwa yote ndani ya msuli, mkono ulishika. Ikiponyoka kidogo tu, ikaenda kwenye uso wa mkewe au kwenye neno alilolisema, mkono uliachia. Alimuuliza yule binti wa mazoezi, naye akasema utazoea, mzee, endelea tu. Akaendelea. Haukuzoea. Ndipo akamwekea mkewe sheria: "Usinisemeshe nikikubeba." Mwanamke yule, aliyekuwa na la kusema hata na sufuria, akafunga mdomo asubuhi na jioni.

Siku moja sheria ikamshinda mkewe. Akiwa mikononi, akamnong'oneza: "Siku ya harusi ulinibeba hivihivi, ukanigonga kichwa kwenye kizingiti." Winchi akacheka. Mkono ukaachia, mama akaanguka sakafuni kwa nyonga. Hakuvunjika, lakini alivilia damu hadi pajani, na kilio chake kilisikika mtaa mzima. Kabla ya jua kuchwa binti yao alikuwa ameshapigiwa simu.

Akaja na mumewe, kwa gari la kuazima. "Baba, nakuheshimu," akasema. "Ila nataka kuona kwa macho yangu. Ukimbeba salama, sitasema tena."

Winchi akafumba macho. Uso ukamkauka. Akamnyanyua mkewe, akageuka naye, akamweka kitini taratibu, bila kutikisika. Binti akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Basi! Mama anabaki."

"Nipangie nguo zangu," mama akasema. "Nakwenda."



"Mke wangu, nimekosa nini? Si nimekubeba?"

"Umenibeba vizuri sana. Ila nikiwa mikononi mwako hunioni wala hunisikii. Kutwa hatukaribiani ila hapo, na hapo ndipo ninapofungwa mdomo. Nimechoka kuwa dumu."

"Nitazoea. Yule binti wa mazoezi alisema..."

"Alisema hivyo zamani, Winchi, na hujazoea. Na wewe hulali, unaogopa asubuhi. Siku utakayoniangusha tena, utatangulia wewe kaburini. Niache niende."

Lote lilikuwa kweli. Akaomba kitu kimoja tu: ambebe mwenyewe hadi kwenye gari. Nguo zilipokuwa tayari, akainama, akapitisha mikono, akafumba macho, akaita akili iende mkononi. Haikwenda. Ilikuwa kwa mkewe yote: harufu ya mafuta ya nywele zake, pumzi yake shingoni, kifupa cha bega kilichochongoka kwa ugonjwa. Akaita tena. Mkono ukalala palepale chini ya magoti yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mazoezi alikuwa naye kabisa, wala hakuweza kumwinua hata kidogo.

"Samahani, Baba," mkwe akasema kwa adabu, akamsogeza kando.

Akamwinua mama mara moja. "Utakaa mbele au nyuma, Mama?"

"Mbele, nimwone dereva anavyokosea."

"Mwaka jana nilikosea mara moja tu."

"Mara moja uliyokamatwa!"

Wakatoka hivyo, yeye anauliza, mama anajibu, wanacheka. Winchi alisimama karibu na kile kiti kitupu, akawasikiliza hadi mlango wa gari ulipofungwa. Walikuwa bado wanazungumza.