Aluel Ameketi

Achol alimfinyanga marehemu dada yake, Aluel, akiwa ameketi, na hilo ndilo lililowaudhi watu.

Alimfinyangia kambini Kakuma, kwa udongo wa kichuguu na jivu la samadi, akamsukia nywele za nyuzi za mkoma. Aluel mwenyewe alikuwa mrefu wa kugeuza shingo za watu, na kwao Wadinka urefu wa binti ni ng'ombe wa mahari. Wazee walikuja, wakamsimamisha uani, wakampima kwa macho toka unyayo hadi utosi, wakabishana mpaka jua likazama. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alifia uzazini huko alikoozwa, na hadi leo ukimtaja utasimuliwa habari za ng'ombe tu. Watu wazima na akili zao, hawaoni haya!

Basi Achol akamketisha, magoti kifuani, asipimwe tena na mtu.

Kwenye ukumbi wa maonyesho mjini Lodwar, Asekon, mama aliyeyaandaa, aliizunguka sanamu akikuna kichwa.

"Ejok, nzuri, mama. Kazi ni safi kabisa. Lakini wageni wanapenda mama wa Kidinka akiwa amesimama, ule mrefu. Huyu nani atapiga picha na yeye?"

"Asiyetaka asipige," Achol akajibu.

Mabil, kaka yake, hakuwa na simile. Alijisimamisha mbele ya wageni akawatangazia kwamba Aluel wao angeinuka hapo angeigusa ile taa, na kwamba siku alipoozwa zizi lilifurika ng'ombe. Wageni wakacheka. Mmoja akanyoosha kiganja juu ya kichwa cha sanamu, akikisia.

Kisha Mabil akamgeukia Ajak, binti wa Achol, aliyekuja na sare yake ya shule. "Huyu naye amemfuata mama yake mkubwa. Ajak, simama wageni wakuone."

Ajak akabana visigino, akainua kidevu, akanyoosha mikono ubavuni. Mtoto alijua kusimama.

"Nani amekufundisha hivyo?" Achol akauliza.

"Mjomba. Wale wazee walipokuja Jumapili moja. Wewe ulikuwa umeenda kuchimba udongo wa huyu."

Achol akamvuta mwanawe nyuma yake. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima.

"Wazee gani, Mabil? Wataje. Hutoki humu hujawataja."

Mabil akautazama mlango. Asekon alikuwa ameshaufunga.