Onwubiko, Kwa Jina la Nyumbani Jalala

Ifeanyi, Mwigbo wa Nigeria, muuza vipuri vya malori pale Mikumi, aliyaheshimu majina kuliko hati ya kiwanja. Kwao jina ni sala. Lake mwenyewe lilisema hakuna linalomshinda Mungu, naye alilibeba kifua mbele, ingawa sala zake mbili zilikuwa makaburini Kilosa, ukweni. Mtoto wa kwanza alimwita Nnanna, yaani baba wa baba. Wa pili Ozoemena: lisitokee tena. Likatokea tena, bila hata kuomba radhi.

Mkewe Magdalena alipojifungua wa tatu, kikao kizito kilifunguliwa mkekani, mhusika mkuu akiukojolea mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu mama mkwe, Bibi Tumwagile, aliyepanda basi toka Kilosa na hoja zake. "Huyu anaitwa nani?"

"Onwubiko. Yaani, Kifo, nakusihi."

"Unakiita Kifo mlangoni, halafu unakibembeleza? Kifo hakibembelezwi, kinadanganywa! Tumlaze jalalani, jirani amwokote, aitwe Jalala. Nani atagombania takataka?"

"Mwanangu si takataka, mama."

"Nnanna naye hakuwa takataka. Yuko wapi?"

Wakapatana kiutu uzima: Onwubiko kanisani, Jalala nyumbani. Mtoto akawa na walinzi wawili, mmoja wa kupiga magoti, mwingine wa kusema uongo. Jirani yao Hildegarda alimwokota jalalani kwa mbwembwe, akalalamikia harufu, akadai soda ya kazi. Magdalena akacheka. Ifeanyi naye akacheka, na jioni hiyo akanunua viatu ambavyo mtoto angevivaa mwaka unaofuata.

Homa haikuuliza jina. Walimkimbiza zahanati akiwaka kama jiko, wakarudi naye akiwa wa baridi, kafungwa kwenye khanga ya mama yake.

Kilosa, katekista Kornelio aliinamia msalaba mdogo, brashi ya rangi mkononi. "Niandike nani?"

Bibi Tumwagile aliinama kung'oa majani kwenye makaburi ya wajukuu zake. Ifeanyi alipekua moyoni, akitafuta sala iliyobaki.

"Ozoemena," alisema.

"Hilo tulishalitumia, baba Nnanna," Magdalena alimwambia taratibu, akimwonyesha msalaba wa pembeni.

Ifeanyi akautazama. Kornelio alingoja mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi. Kisha akauchomeka msalaba ukiwa mtupu.