Usaili wa Tito

Mtoto wa miaka minne afanyiwe usaili wa chekechea kama anaomba kazi benki! Laurensia alilalamika mtaa mzima wa Maili Moja, huku akimkaririsha mwanawe Tito wanyama na rangi mpaka kwenye beseni la kuogea.

Siku ikafika. Mwalimu akamwinulia Tito picha. “Mnyama gani huyu?”

“Mbuzi!” akaropoka Laurensia.

“Anakula nini?”

“Majani, mwalimu! Na kanga za jirani!”

Kila picha akaiwahi yeye, kidole juu, jasho likimtoka kwa raha.

“Mama, umefaulu,” mwalimu akasema, hoi kwa kicheko.

Tito akavua begi lake, akamtundikia mama yake begani.

“Usilie, mama,” akasema, akikimbilia bembea. “Mchana nitakuja kukuchukua.”