Kitufe cha Kukataa

Mimi sijui kuficha hasira, na wifi yangu ndiye shahidi namba moja. Miaka yote niliyookea mtaa huu mikate, alikuwa anaingia bekari asubuhi, anasogeza wateja kwa kiwiko, anabonyeza mkate mmoja baada ya mwingine, ananusa, anarudisha. Huu mgumu. Huu umelala. Huu nani kaukanda, au mlikuwa mnagombana? Nikimwona anavuka barabara naanza kupanga maneno ya kumjibu, na mume wangu, ambaye ni kaka yake, anakimbilia stoo ya unga mpaka tumalizane.

Halafu macho yake yakaanza kufifia, na mwaka jana mwanga ukamwishia kabisa. Baada ya hapo alikuja bekari mara moja tu. Akagonga meza, keki ya harusi ya watu ikamwangukia kifuani, na wateja wakacheka kabla hawajaelewa kilichotokea. Alijifuta, akaniaga kwa heshima, na hapo ndipo nilipoogopa, maana wifi yangu hajawahi kuniaga kwa heshima. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Nikimpigia kumuuliza nimpelekee mkate gani, ananijibu, "Chochote."

Chochote! Mwanamke aliyewahi kunirudishia biskuti aliyokwisha kuiuma. Neno hilo lilinikaa rohoni. Siku moja nilimpelekea mkate wa juzi makusudi, nimchokoze, akaula na kusema asante. Nilirudi nyumbani nalia, nikamwambia mume wangu kwamba dada yake anatupotea huku tunamwangalia.

Ndipo tukamwita shemeji, mdogo wao wa mwisho, anayetengeneza programu za simu na kuvaa miwani ya urembo. Tukamwambia tunataka programu ya kuagiza mikate, na dada yake aweze kuitumia mwenyewe, achague mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Simu yake inasoma kwa sauti kila anachogusa, kwa hiyo kazi ya shemeji ni kuhakikisha kuna cha kusoma. Akasema hilo dogo sana, tusimpotezee muda.

Wiki iliyofuata tukakaa sebuleni kwa wifi, programu ipo kwenye simu yake, picha zinang'aa mpaka nikatamani mikate yangu mwenyewe. Wifi akagusa. Simu ikasema: picha. Akagusa pembeni: picha. Akagusa chini: kitufe. Akagusa tena: kitufe. Simu ikamshukuru kwa kuagiza. Wifi akauliza kwa upole kama hicho kitufe alichoagiza kitaletwa cha moto au itabidi akipashe.

Shemeji akaenda kuandika maneno ya kila picha. Aliporudi, kila kitu dukani kwangu kilikuwa laini na cha kipekee. Mkate wa maziwa, laini na wa kipekee. Mkate wa kahawia, laini na wa kipekee. Biskuti za karanga, ambazo zimeshawahi kung'oa jino la mtu, laini na za kipekee. Wifi akasikiliza hadi mwisho, akasema basi, kwa kuwa vyote ni sawa, leteni chochote. Nilimgeuzia shemeji jicho ambalo mume wangu analijua vizuri, na shemeji akavua miwani.

Nikamtolea uvivu hapohapo. Nikamwambia maneno nitayasema mimi, kwa sauti yangu, kila asubuhi mikate ikitoka tanurini, na nitaisema kama ilivyo. Akanionya kwamba wateja wote watasikia, si dada yake peke yake. Nikamwambia wasikie, kwani nimeiba?

Akaniwekea mahali pa kurekodi. Tulidhani tumemaliza, lakini wifi akapapasa kioo chote, juu mpaka chini, akauliza, "Na pa kusema sitaki ni wapi?"

Shemeji akacheka. Akamweleza kwamba asiyetaka habonyezi, anaweka simu chini na kuendelea na maisha yake. Yeye hajawahi kuona duka la simuni lenye kitufe cha kukataa.

"Nikikataa dukani, wifi yangu anajua nimekataa," wifi akasema. "Huku nikikataa, nani ataumia?"

Nilipinga, tena kwa sauti. Duka gani linawajengea watu njia ya kulidharau? Nilisema mengi, na mengine hayasemeki mbele za watu. Mume wangu, kwa kukosa stoo, akajificha jikoni kwa dada yake. Lakini katikati ya maneno nikaona wifi ameinua kidevu, ananisikiliza kwa raha zake, anasubiri nipumue anijibu. Tangu keki ile imwangukie hakuwa amebishana na mtu yeyote. Nikakubali. Shemeji akaweka kitufe kikubwa chini ya kila bidhaa: Sitaki.

Siku ya kwanza niliamka na mkosi. Tanuri liliwaka vibaya, moto wote nyuma, mbele baridi. Nikashika simu nirekodi, na ulimi ukataka kusema laini na wa kipekee, kweli tena, maana nilijua mtaa mzima uko kwenye simu. Nikavuta pumzi. Mkate wa maziwa umeungua nyuma, nikasema, ukate hapo, uliobaki unalika. Mkate wa kahawia haukuumuka, umekaa chini kama mtu aliyenuna. Skonzi zimeshikana, usipokuwa na nguvu utanunua zote. Keki ni salama, ila mapambo nimeyapaka kwa haraka.

Mwenye saluni ya jirani akaja mbio anataka kuuona huo mkate ulionuna. Wengine wakafuata wanacheka, wananunua. Nilikuwa nafunga skonzi huku natukana kimoyomoyo, macho kwenye simu ya kaunta, ile inayopokea maagizo. Kwa wifi, kimya. Shemeji akawa anazunguka kati ya mifuko ya unga. Mume wangu akasema labda bado amelala, nikamwambia anyamaze. Niliogopa kwamba atapiga, kwa sauti ile ya upole, na kusema chochote.

Simu ya kaunta ikalia. Ikatangaza mbele ya watu wote: mkate wa maziwa, mteja amekataa. Mkate wa kahawia, mteja amekataa. Skonzi, mteja amekataa. Keki, mteja amekataa. Biskuti sikuwa nimezitaja kabisa, nazo zikakataliwa.

"Ni dada," shemeji akasema. "Anabonyeza mwenyewe."

Damu ilinichemka. Nikampigia, wateja wakasogea kusikiliza. Nikamuuliza kama ana akili timamu, mtaa mzima unanicheka kwa ajili yake, halafu yeye anakataa mpaka biskuti.

"Umesema mwenyewe umeungua, ninunue nile mkaa?" akanijibu. "Na biskuti hukuzitaja, maana yake ni za jana. Kanda upya, wifi. Nina njaa, lakini si njaa ya kula takataka."

Akakata simu. Zilikuwa za jana kweli. Machozi yalinitoka, nilikuwa nacheka, na hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuangusha ukuta. Mwenye saluni akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia wifi yangu ananitukana. Akaniambia pole. Nikamwambia pole ya nini wewe, nikafunga aproni, nikamwaga unga mezani.