Barua ya Kumfukuza Bi Mkubwa

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili nilipoandika barua yangu ya kwanza, na barua hiyo ilikuwa ya kumshtaki farasi.

Farasi mwenyewe alikuwa jirani yangu. Aliishi upande wa pili wa ukuta wa matofali unaotenganisha uwanja wetu na uwanja wa Saisi, mzee aliyetunza farasi wa polisi kwa miaka thelathini. Siku aliyostaafu, Saisi alirudi nyumbani na begi moja, brashi mbili, na farasi jike mweupe aliyekuwa amezeeka hata kazi ikamkataa. Alimjengea banda la mabati mahali palipokuwa na kamba za kuanikia nguo, akamwita Bi Mkubwa. Mtaa wetu ni wa nyumba zilizobanana. Ukipiga chafya chumbani kwako, jirani anakuitikia kutoka kwake. Kuweka farasi hapo ni kama kuegesha lori sebuleni. Hata hivyo, kwa miezi saba hakuna aliyelalamika, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa mkimya kuliko mume wangu, na mume wangu ni fundi bomba asiyesema mpaka maji yafike magotini.

Kisha nikaanza masomo ya jioni.

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa miaka ishirini nilinyoosha mashuka yenye maandishi ya bluu pembeni bila kujua yanasema nini. Siku nilipoweza kuyasoma niliona yanasema "Mali ya hospitali". Nilikwenda nyumbani nikavua foronya mbili ambazo msimamizi wa zamani alinipa kwa moyo mweupe, nikazirudisha kabla jua halijatua. Elimu ilianza kunisumbua mapema.

Lakini furaha yangu kubwa ilikuwa katika sala. Zamani, sala yangu ya alfajiri ilikuwa fupi. Nilisema ile niliyofundishwa na mama, nikashukuru kwa kuamka, nikasema Amina, nikabandika maji jikoni. Sasa nilikuwa na kitabu cha sala, na juu yake nilikuwa na daftari langu mwenyewe. Kila jirani nilimpa ukurasa, na kwenye kila ukurasa niliandika mambo ambayo Mungu angependa kumrekebisha. Nilisoma vyote kwa sauti, dirisha wazi, kwa maana sikuwa bado nimejua kusoma kimoyomoyo. Bila kusikia sauti yangu sikuamini kama nimesoma.

Na hapo ndipo Bi Mkubwa alipoanza kulia.

Si kulia kwa unyonge. Farasi akilia alfajiri karibu na dirisha lako, unaweza kudhani siku ya kiyama imekuja na imekosea nyumba. Nilikuwa nikifika ukurasa wa nne, ule wa jirani yetu mshona nguo, ndipo kilio kinapasua hewa. Nikaona wazi kwamba adui hataki sala zangu zipande. Basi nikaongeza kurasa mbili dhidi ya Bi Mkubwa, naye akazidisha kulia.

Wiki hiyo mwalimu wetu wa jioni, binti anayelingana na mwanangu wa mwisho, alitufundisha barua rasmi. Wenzangu waliandika kuomba ruhusa ya ugonjwa. Mimi niliandika kwa ofisi ya mtaa kuhusu "kelele za mnyama mkubwa zinazokatiza ibada katika eneo la makazi." Mwalimu alinipa kumi na nane kwa ishirini, akaisoma mbele ya darasa. Kichwa kilivimba hata nikaona mlango wa darasa ni mdogo. Mtu mwenye busara angeitia barua ile kwenye fremu. Mimi niliitia kwenye bahasha.

Niliomba kwanza, nisiseme uongo. Nilimwuliza Mungu kama niipeleke au nisiipeleke. Hakusema kitu, nami nikachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Kabla ya kuipeleka nilizunguka mtaa mzima na kalamu kutafuta saini. Nilipata ishirini na tatu. Sikuamini jinsi watu walivyokubali haraka, wengine hata bila kusoma. "Lete, Mama Daftari, tutie," walisema, maana ndilo jina walilokuwa wamenipa. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiteseka kimya kimya, ukisubiri mtu mwenye elimu.

"Hmm," alisema.

Baada ya siku tisa Bwana Afya alikuja alfajiri na koti lake la mvua na kijitabu. Alisema amekuja kusikiliza mwenyewe kabla amri ya kumwondoa farasi haijatekelezwa. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uwanjani kwa Saisi, upande wa pili wa ukuta.

"Mama, wewe endelea kama kawaida yako," aliniambia. "Jifanye sipo."

Sikuweza kujifanya hayupo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa serikali kusikiliza sala yangu, nikasoma kwa madoido. Nilisoma kitabu, nikasoma daftari, nikarudia ukurasa wa pili ambao niliuona umeandikwa vizuri. Bi Mkubwa alilia mara tatu. Kila alipolia moyo wangu ulicheka. Nilipomaliza nilisema Amina ya kufunga kesi, nikajitanda khanga, nikaenda kwa Saisi kupokea ushindi wangu.

Bi Mkubwa alikuwa ametia kichwa chote ndani ya ndoo ya pumba. Hakuwa na habari nami. Bwana Afya alisafisha koo.

"Nikusomee nilichoandika, mama?"

"Soma, mwanangu."

"Saa kumi na moja na nusu, sauti ya mwanamke, kubwa. Farasi kimya, masikio yamesimama. Saa kumi na mbili kasoro robo, mwanamke anaendelea. Farasi anapiga kwato chini. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mwanamke anaendelea. Farasi analia. Saa kumi na mbili kamili, mwanamke bado anaendelea. Farasi analia mara mbili. Saa kumi na mbili na dakika nne, mwanamke anasema Amina. Farasi ananyamaza. Mzee anatoka na ndoo."

Nilimtazama Saisi. Mzee wa watu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi sina saa, dada," alisema. "Saa yangu ni wewe. Tangu tuhamie hapa, ukisema Amina mimi naamka, nampa pumba zake. Farasi wa polisi hawa wamezoea amri. Yeye Amina yako ameifanya kengele. Zamani ulikuwa unawahi. Siku hizi..." Akatafuta neno la heshima. "Siku hizi Mungu amekupa mengi ya kusema."

"Kwa hiyo analia kwa sababu ya njaa?"

"Analia kwa sababu hufiki mwisho."

"Na wewe kwa nini usimpe tu chakula?"

"Katikati ya sala, dada? Nipige kelele za ndoo mtu akizungumza na Mungu? Tena nilisikia unamtaja na yeye. Nikamwambia tulia, mama, unaombewa."

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini uwanja wa Saisi ulikuwa umejaa samadi, na nilihofia pa kuangukia. Nilimgeukia Bwana Afya.

"Basi yameisha, mwanangu. Nimeelewa. Nipe barua yangu nikaichane."

"Hayajaisha," alisema. "Barua ilikuwa nzuri mno. Mkuu wangu aliisoma akasema haijawahi kuja barua iliyopangika hivi kutoka mtaa huu. Amri ameshaitia mhuri. Ijumaa ijayo farasi aondoke katika eneo la makazi."

"Aende wapi?"

Bwana Afya akamtazama Saisi, na Saisi akapitisha brashi shingoni kwa Bi Mkubwa, taratibu, kama vile hakuna mtu aliyeuliza.

"Farasi wa miaka ishirini na sita hahami, dada," alisema mwishowe. "Hakuna wa kumpokea. Anakuja kuchukuliwa na gari, na gari halimrudishi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika.

"Njia ipo moja," Bwana Afya alisema akifunga kijitabu. "Waliotia saini waziondoe. Mmoja mmoja, kwa mkono wake. Wote ishirini na tatu. Akibaki hata mmoja, malalamiko yapo." Akanikabidhi karatasi ya saini.

Nilianzia nyumbani. Mume wangu alikuwa saini ya kwanza, naye alikuwa anakunywa chai.

"Ondoa saini yako."

"Kwani niliitia kwa hiari? Ulisimama na kalamu kati yangu na sahani." Akafuta. "Lakini nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kuhusu farasi. Mtaa mzima unajua. Anasubiri Amina. Na sisi tunasubiri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa unasoma."

Nilizunguka siku nne, nikitoka kazini na joto la pasi bado usoni. Dereva mstaafu wa nyumba ya kona alifuta saini akicheka hata akakohoa. "Mimi barua yako sikuisoma, Mama Daftari. Nilisikia umeanza shule ukubwani, nikasema tumtie moyo mwanafunzi." Mke wake alisema hivyo hivyo. Kinyozi naye alisema hivyo hivyo. Kumbe wale ishirini na tatu hawakuwa wanateseka kimya kimya. Walikuwa wananipongeza. Walinipa saini jinsi mtoto anavyopewa pipi kwa kuhesabu hadi kumi, nami nikazifanya rungu.

Alhamisi jioni nilikuwa nimebakiwa na mmoja, mshona nguo wa ukurasa wa nne. Nilimkuta kwenye cherehani yake, amezungukwa na kitambaa cheupe cha nguo ya harusi, chandarua kimefunika meza nzima.

"Karibu, dada. Leo umekuja na kalamu ya kutia au ya kutoa?"

"Ya kutoa. Tafadhali, mdogo wangu."

"Mimi sitoi."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Wengine walikutilia kwa kukupenda. Mimi nilisoma ile barua, na nilitia kwa sababu zangu. Unaona chandarua hiki? Ni cha nzi. Mzee wa watu mgongo umemwisha, samadi haizoi ila mara moja kwa wiki. Nzi wanatua kwenye nguo za watu. Bibi harusi avae madoa ya nzi? Sala yako hainisumbui. Hata ukurasa wangu umeshaniingia kichwani. Unaanza na vitambaa vya wateja vinavyobaki, sivyo? Halafu unakuja kwenye ulimi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Umesikia?"

"Dada, dirisha lako na langu yanapeana mkono. Mtaa wote tunajua kurasa zetu. Dereva ana wasiwasi, anasema wake ni mfupi mno, labda umemdharau."

Ningeweza kulia, lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na machozi yangu hayakuwa ya kumsaidia farasi. Nilimwomba radhi. Nilimwomba vizuri, kwa maneno yangu, bila daftari, na niliona ni kazi ngumu kuliko barua rasmi. Alinisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nzi hawajui msamaha. Samadi nani atazoa?"

Nilifikiria kumtaja mume wangu. Nilifikiria kupendekeza kamati. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Mimi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Tutaona." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu."

Gari lilikuja Ijumaa kama lilivyoahidi, likasimama mbele ya nyumba ya Saisi. Nilimpa Bwana Afya karatasi yenye saini ishirini na tatu zilizofutwa, akazihesabu mara mbili, akaandika sharti moja chini. Kabla jua halijachomoza kusiwe na kelele, za mnyama wala za mtu. Dereva wa gari akageuza. Saisi aliingia bandani akakaa humo muda mrefu, nami sikumfuata.

Sharti la mtu lilinihusu mimi. Jumamosi alfajiri nilikaa na daftari nikiangalia nikate wapi. Nilidhani itakuwa kama kukata nyama hai. Niliondoa kurasa zote za majirani, na nilipobaki na kilichobaki, kilikuwa kile alichonifundisha mama na shukrani ya kuamka. Nilikisema polepole, kwa sauti ndogo, dirisha wazi kidogo kwa ajili ya Saisi. Niliposema Amina nilisikia ndoo ikigonga. Nikavaa mabuti ya mvua ya mume wangu, nikachukua koleo.

Farasi mzee anatoa mengi, nawaambieni. Mtu aliyeitengeneza barua ile kwa ufasaha hakulifikiria jambo hili hata kidogo. Jumatatu nilitoka kazini, nikazoa zamu ya jioni, nikanawa haraka, nikafika darasani nimechelewa. Nilikaa dawati la mbele kama kawaida yangu. Baada ya dakika tano mwalimu alisimamisha somo, akanusa, akafungua dirisha.

"Jamani, kuna aliyekanyaga kitu? Kila mtu aangalie viatu."

Watu wazima ishirini wakainua nyayo zao. Nami nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, mama. Umekanyaga?"

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Ni ile barua."