Upara wa Mzee Kisemei

Leshan, mume wangu, alisimama katikati ya ibada hapa Kitengela akamwambia mchungaji wetu, Mzee Kisemei, kwamba hana Roho. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima anatafuta laana ya mzee na watoto wake wameketi hapo!

Mzee akashuka madhabahuni polepole na fimbo yake. Alipomfikia Leshan, akainamisha kichwa mbele yake, vile watoto wetu wa Kimaasai hufanya wakisalimia wazee, ili waguswe kichwani. Mkono wa Leshan, kwa mazoea, ukaugusa ule upara.

"Asante, baba," mzee akasema. "Hiyo Roho yako ikibaki, unigawie kidogo."

Kanisa likaangua kicheko. Mkono wa Leshan ulikuwa bado pale juu.